Nyumba Iliyojengwa Juu ya Majani

Simpendi kaka yangu. Naliweka hili mwanzoni ili msomaji asije akadhani kwamba mahali fulani katikati ya habari nitamsamehe. Kaka yangu alijenga nyumba, nyumba ikazama, na ilipozama akatafuta wa kumlaumu, akampata mama yetu mzazi. Nimewahi kujaribu kuisimulia habari hii kwa upole, nikaona wasikilizaji wanaanza kumwonea huruma yeye, eti alipoteza mali nyingi. Tangu siku hiyo naisimulia kwa hasira niliyonayo.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Aliyekuwapo anajua. Kabla ya hapo mahindi yetu yalinunuliwa na ushirika, saruji ilipatikana kwa kibali, na mtu mwenye mabati mapya aliulizwa ameyatoa wapi. Kisha kila kitu kikawa ruksa: kununua, kuuza, kusafirisha, kuvaa kafa-ulaya, zile nguo za mitumba, mchana kweupe. Malori yakawa yanapanda kutoka Mbeya na Tunduma kufuata mahindi ya Ufipa, na watu ambao juzi walikuwa wanaazima baiskeli wakaanza kuonekana wameketi mbele kwenye lori, mkono nje ya dirisha. Hilo sikuwa na ugomvi nalo. Watu walikuwa wamechoka kuwa maskini. Ugomvi wangu ni kwamba pesa zilipowafikia hawakujua cha kufanya nazo isipokuwa kujenga, na kujenga kwenyewe hawakujua.

Kaka yangu alikuwa mkulima wa kawaida, na mvivu kupita kawaida. Ruksa ilimfaa. Alizunguka Mwimbi na Chala akinunua mahindi kwa wajomba na mashangazi zake mwenyewe, akiwapunja kwa heshima zote, shikamoo mbele, debe lililopanuliwa nyuma. Alikuwa akiyapeleka yanakouzwa ghali, na akirudi anapitia ziwani kuchukua samaki. Misimu michache ilitosha. Akawa na lori kuukuu, kitambi kipya, na tabia ya kuanza kila sentensi kwa "mimi kama mimi." Mimi kama mimi naona mvua itanyesha. Mimi kama mimi leo nitakula wali. Nilikuwa nashona nguo barazani pale sokoni, na mara nyingi nilimsikia akija kabla sijamwona.

Kiwanja kilikuwa cha marehemu baba, hapo Mazwi, mjini kwetu, cha tangu enzi ambazo hakuna aliyehangaika kupima. Kilianzia barabarani na kuteremka taratibu hadi kwenye mbuga ndogo ambayo maji yake hayakauki mpaka katikati ya kiangazi. Mama aliishi upande mmoja, katika nyumba ya matofali mabichi na paa la nyasi aliyoijenga baba. Kaka alikuwa amepanga karibu na soko, yeye na mkewe na watoto wao watatu. Akaamua kujenga upande wa pili wa kiwanja. Mama alifurahi. Alisema sasa atawasikia wajukuu wake wanapoamka.

Matofali yanataka udongo, na udongo lazima uchimbwe mahali. Ungedhani mtu mwenye lori angeuchimba mbali. Lakini lori lilikuwa la mahindi, na kulibebesha udongo aliona ni kulivunjia heshima. Akawaambia vijana wachimbe palepale uani, kati ya mahali nyumba itakapokaa na jiko la mama, kwa sababu udongo wa pale unanata vizuri na maji ya kukandia yako jirani. Wakachimba. Wakafyatua. Kila walivyozidi kufyatua ndivyo shimo lilivyozidi kutanuka, mpaka mama akawa hawezi kwenda kuchukua kuni bila kulizunguka.

Nisimwonee, Mazwi nzima ilifanya hivyohivyo. Kila aliyejenga alichimba uani kwake, kwa hiyo kila nyumba mpya ilizaliwa na shimo lake pacha. Watu waliokuwa wakirudi nyumbani kwa baiskeli walilazimika kuikariri njia. Mashimo yalijaa maji, bata wakaogelea, watoto wakakatazwa wasikaribie na wakakaribia. Choo cha jirani yetu kilidondoka kizima, pamoja na mlango wake, ndani ya shimo la mtu wa kiwanja cha pili, na wale wanaume wawili waligombana msimu mzima kuhusu nani sasa ni mwenye choo. Kule chini kwenye kijito walichota mchanga wa kujengea mpaka kingo zikaanza kumong'onyoka, na bustani ya kabichi ya mama mmoja ikaondoka yote, akabaki na uzio. Hakuna aliyeona kuwa yote hayo ni jambo moja. Kila mmoja aliona bahati mbaya ya mwenzake.

Tanuri la kaka liliwashwa wakati wa baridi kali, ule upepo wa Juni unaokufanya uvae sweta mbili na bado ukunje mikono kifuani. Majirani walikuja kuota moto. Kaka alilizunguka tanuri lake ndani ya koti la ngozi, akieleza mimi kama mimi nitaweka nguzo nne mbele. Kuni zilitoka milima ya Mbizi, lori zima, maana kwa kuni lori halikuona haya. Matofali yalitoka mekundu, mazuri, nakiri. Kisha masika yakaja kabla hajaanza msingi, shimo likajaa, na vyura wakapiga kelele hadi mama akawa analala ameziba masikio kwa pamba niliyompa.

Mvua zilipokuwa ukingoni, fundi alikuja kuangalia. Alikuwa mtu wa Mbeya, penseli sikioni. Alisema shimo lile limetanuka hadi palepale vitakapokaa vyumba vya nyuma, kwa hiyo ama nyumba isogezwe, ama shimo lijazwe mawe na kifusi na kushindiliwa tabaka kwa tabaka. Kusogeza hakukuwezekana kwa sababu nguzo lazima zitazame barabara. Mawe yalihitaji lori. Kaka akakuna kichwa, kisha akacheka.

"Sisi Wafipa," akasema, "mtu wa kuja ndiye atufundishe kufukia udongo?"

Basi nieleze hili kwa asiyetoka kwetu. Mfipa akilima, hachomi majani yake. Mvua zinapokaribia kukatika na nyasi ni ndefu, anakwangua nyasi na udongo wake pamoja kwa jembe, anageuza juu chini, anazipanga duara, anaongeza nyingine juu, kisha anafunika kwa udongo mzuri. Anapata kilima kidogo, ndicho tunachokiita intumba. Ndani yake nyasi zinaoza kimyakimya, zinatoa joto na rutuba. Juu unapanda maharage. Msimu unaofuata unakisambaza, na udongo wake ni mweusi, mlaini, umeshuka umekuwa nusu ya ulivyokuwa. Wageni wanaopita kwenye uwanda wetu hustaajabia vile vilima. Tumelishwa na kilimo kile tangu mababu, na kama kuna kitu Mfipa anaringia, ni hicho.

Kaka akaita ndugu waje kazi ya pombe. Baba mdogo, yule anayemfuata marehemu baba, aliongoza kundi kutoka Mwimbi, wanaume kwa wanawake, majembe begani. Mama alikuwa amepika pombe ya ulezi siku kadhaa kabla. Wakaingia kazini asubuhi wakiimba. Hakuna aliyewaambia wafanye kama shambani, lakini pia hakuna aliyewaambia wafanye vingine, na mikono yao ilijua njia moja tu. Walikwangua nyasi za mbugani, mbichi, zenye maji, wakazigeuza juu chini shimoni. Tabaka la nyasi, udongo, nyasi, udongo. Baba mdogo alisimama ukingoni akielekeza, "Pale pamelegea, ongeza majani." Mama hakukubali kukaa jikoni tu. Alichukua jembe lake akafanya upande wa karibu na kwake, kwa ustadi wake ule ule, na wenzake wakamsifu kwamba mkono haujazeeka.

Jioni shimo lilikuwa limejaa na kupanda juu ya uwanja kama tumbo. Kaka alipanda juu na viatu vyake, akarukaruka kidogo, udongo ukamrusha.

"Godoro!" akasema.

Watu wazima na akili zao wakacheka. Walikuwa wamejenga intumba kubwa kuliko zote zilizowahi kujengwa Ufipa, na juu yake hawakupanda maharage. Walipanda nyumba.

Kiangazi kilikausha juu, pakawa pagumu. Fundi aliporudi alipiga kisigino, akasema pamekaa. Mtu wa ofisi ya ardhi alikuja kuangalia mipaka, akala kuku wa mama, akasema nyumba itaupendezesha mtaa. Nawataja wote wawili kwa sababu baadaye hakuna aliyewataja. Nyumba ikapanda. Mbele, sebule na chumba cha kaka vilikaa juu ya ardhi ngumu ya baba. Nyuma, chumba cha watoto na stoo vilikaa juu ya majani. Na zile nguzo nne zilisimama barazani zikiwa nene kupita kiasi, kana kwamba nyumba ile ilikuwa ofisi ya mkoa, zikibeba kipande cha bati ambacho hata miti minne ya mlingoti ingekibeba. Walihamia siku chache kabla ya mvua za kwanza. Kulikuwa na sherehe, kulikuwa na redio ya kaseti, kaka alitoa hotuba na neno "maendeleo" lilitamkwa sana.

Mvua zilipoanza, mlango wa chumba cha watoto ukakataa kufunga. Kaka akaita seremala auchonge. Kisha juu ya dirisha ukatokea ufa mwembamba kama uzi wa cherehani. Karibu na Krismasi uliingia kidole. Sakafu ya chumba ilikuwa imeinama kuelekea ukuta wa nyuma, na watoto, wasiojua kuogopa, waligeuza kuwa mchezo. Waliweka chungwa mlangoni, wakaliachia, likabingirika lenyewe chumba kizima mpaka chini ya kitanda cha mdogo wao wa kike, aliyekuwa akilala ukutani. Yeye ndiye aliyekuwa akilirudisha. Nilipowakuta wakicheza hivyo nilikwenda kumtafuta baba yao.

Kaka alitengeneza nyumba kwa jinsi alivyojua. Alipaka plasta juu ya ufa. Plasta ikapasuka, akapaka rangi. Rangi ikapasuka, akatundika kalenda. Ufa ulipotokeza pembeni mwa kalenda, akatafuta kalenda kubwa zaidi. Nilimwambia, kaka, ardhi inashuka, hamisha watoto walale sebuleni. Akaniambia mimi kama mimi nimejenga kwa matofali ya kuchoma, wewe na cherehani yako unajua nini kuhusu nyumba?

Wifi yangu ndiye aliyeanza. Alisimama uani akitazama nyumba ya mama. Matofali mabichi, paa la nyasi, nyumba ya zamani, na haina hata mkwaruzo. Mvua ileile, kiwanja kilekile. "Hii yake inasimamaje?" akauliza. Jibu lilikuwa chini ya miguu yake. Nyumba ya mama ilikaa juu ya ardhi ambayo hakuna aliyeigusa. Lakini mji wetu unajulikana nchi nzima kwa uchawi, na wenyeji wenyewe tumeshaizoea sifa hiyo kiasi kwamba mtu akijikwaa anatafuta mchawi kabla ya kulitazama jiwe. Na mama alikuwa mjane, mzee, macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka yote aliyotupikia. Hawakuhitaji kutafuta mbali.

Mganga aliletwa na lori. Kwa mganga pia lori halikuona haya. Ukoo uliitwa ushuhudie, na wengi waliokuja walikuwa ni walewale wa siku ya kufukia, baba mdogo akiwa mbele, amevaa koti. Mimi na mama tuliitwa pia. Mganga alizungukazunguka, akanusa, akatikisa mkia wake wa nyumbu, kisha akaonyesha katikati ya chumba cha watoto kwamba kitu kilichozikwa kiko hapo. Vitanda vikasogezwa. Wakapiga sururu.

Saruji ilipovunjika ilionekana kwamba sakafu ilikuwa imening'inia, chini yake mna uwazi wa kuingiza mkono. Chini ya uwazi kulikuwa na maji, na chini ya maji tope jeusi. Wakachota kwa jembe. Zikatoka nyasi, nyeusi, zimeoza, zina joto, zinatoa mvuke kidogo kwenye ile hewa ya baridi, na harufu ambayo kila mtu mle ndani aliijua tangu utoto, kwa sababu ni harufu ya shamba lake mwenyewe. Nilitazama nyuso zao. Waliitambua. Naapa waliitambua wote.

"Hiki hapa," akasema mganga.

Mama akasogea, akainama, akachukua kidogo mkononi, akaponda kwa vidole kama anavyopima udongo.

"Lakini haya si majani yetu?" akasema. "Tuliyafukia siku ile. Upande huu niliufukia mimi mwenyewe."

Mganga akageuka kwa watu, taratibu, kama mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani.

"Mmesikia wenyewe. Sikumlazimisha."

Nikapiga kelele. Nikamwambia baba mdogo, "Si ulikuwapo? Si wewe ulisimama pale unasema ongeza majani? Waambie!"

Baba mdogo akatazama viatu vyake. "Mwanangu," akasema, "tumwachie mwenye kazi yake."

Nimekutana na waoga wengi maishani na wengine nimewaonea huruma. Yule sikumwonea. Alikunywa pombe ya mama siku ile mpaka akabebwa, na sasa neno moja lilimshinda, kwa sababu aliyekuja na lori kumchukua Mwimbi ndiye angemrudisha. Na wengine walikuwa nyuma yake, kila mmoja akingoja mwenzake aseme. Mikono ile yote iliyofukia ikawa mikono ya mama peke yake.

Iliamuliwa mama aondoke pale kiwanjani, ili nyumba ipone. Alifunga mlango wake kwa kufuli, akaja kukaa na mimi kwenye chumba nilichopanga, kitanda kimoja, cherehani na yeye. Alikuwa anauza mboga sokoni, mchicha na majani ya maboga. Aliendelea kwenda. Watu walimwamkia shikamoo kwa mbali, kwa adabu ile ya kumwogopa mtu, na wakanunua kwa mwingine. Jioni alirudi na mafungu yake yote, tukayala. Sikuwahi kumsikia akilalamika juu ya hilo, na ukimya wake ulinikasirisha kuliko kilio.

Kaka alilifunika lile shimo la mganga kwa zege, akarudisha vitanda, akawalaza watoto pale pale. Mganga alikuwa amemwambia kwamba akiihama nyumba atakuwa ameshindwa vita. Hapo ndipo dharau yangu kwake ilipokamilika. Mtu aliona kwa macho yake sakafu imening'inia juu ya maji, akaweka juu yake watoto wake watatu, ili asishindwe vita na mama yake.

Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi. Kila siku akitoka sokoni mama alipitia barabarani kuchungulia, kwa pembeni ya nyumba, ule ukuta wa nyuma. Hakuingia, alikuwa amekatazwa. Alitazama kutoka ng'ambo, chini ya mwavuli wangu, kisha anakuja kuniambia umeinama zaidi. Alimwita kaka nje mara kadhaa. "Baba," alimwambia, hivyo ndivyo alivyomwita tangu utoto, "toa watoto." Kaka akajibu kwamba aliyefukia ndiye atoe vitu vyake, na ukuta utatulia wenyewe. Nami nilikwenda, nikagombana, nikafukuzwa. Nilikwenda kwa watu wa ofisi, nikaambiwa mambo ya ukoo yamalizwe na ukoo.

Kisha mchana mmoja mama alirudi mapema, akavaa kitenge chake kizuri, akafunga kilemba, akasema twende. Sikujua tunakwenda kufanya nini. Alipita barazani kati ya zile nguzo, akapiga hodi kama mgeni. Kaka akatoka.

"Nimekuja kusema," mama akasema. "Ni kweli. Ni mimi."

Nilimshika mkono. Akautoa.

"Kile mlichotoa hakikuwa chote. Kimebaki kimoja, na siwezi kukitoa kukiwa na mtu anayelala ndani, hasa watoto. Toa watoto, toa vitanda vyao, na wewe na mkeo mtoke. Nyumba ikae tupu mpaka mvua zikatike. Nikiona mtu ndani, sikitoi."

Kaka hakuuliza swali hata moja. Alipoambiwa ukweli alihitaji ukoo mzima na mganga ili aukatae. Uongo huu aliupokea kwa mikono miwili, na nilimwona usoni jinsi alivyofarijika. Alichotaka ni kitu kimoja tu. "Useme mbele ya watu," akamwambia mama yake.

Akaita majirani. Walikuja upesi, maana walikuwa wameshaanza kukusanyika. Na mama yangu, aliyewazalisha nusu ya wanawake waliosimama pale, alisimama katika kitenge chake kizuri akarudia neno kwa neno kwamba ni yeye. Kabla ya giza lori lilikuwa limebeba watoto, vitanda, redio na kalenda kwenda kwao wifi.

Njiani nilimlaumu. Nilimwambia amejizika mwenyewe, kwamba hakuna atakayelifuta lile neno, kwamba angalau angeniambia kwanza.

"Ningekwambia ungenikataza," akasema.

"Ningekukataza, ndiyo!"

"Sasa ningemwambia nini kingine? Ukweli nilishamwambia."

Tulitembea. Baadaye akasema, "Yule mdogo analala ukutani."

Nyumba ilianguka juma lile lile, mchana, mvua ikinyesha. Sikuwapo ilipoanguka, lakini nilifika bado bati zinalia. Nusu ya nyuma ilikuwa imeshuka ardhini, na ukuta ule ulikuwa umelala kwa ndani, matofali yote mekundu yenye thamani yakiwa yamerundikana palepale kilipokuwa kitanda cha ukutani. Matofali yale yangeua hata ng'ombe. Nguzo nne za mbele zilibaki zimesimama zikitazama barabara, na mpaka leo zipo, watu wanafungia mbuzi.

Ungedhani kuna mtu angefikiri kidogo. Ungedhani hata mmoja, akiona ukuta umelala mahali pa kitanda na kitanda hakipo, angejiuliza kwa nini hakipo. Walisema mmeona? Alisema mwenyewe ni yeye, na nyumba imeanguka. Walisema ni roho mbaya, kaahidi kukitoa na badala yake kakivuta. Baba mdogo alipeleka habari hadi Mwimbi. Kaka alijenga tena, upande mwingine wa mji, na udongo wa matofali, naomba mniamini, aliuchimba uani. Kwa mama hakukanyaga tena, wala watoto hakuwaruhusu.

Mama aliishi nami miaka mingi baada ya hapo. Nyumba yake ya matofali mabichi iliendelea kusimama na hakuna aliyethubutu kuinunua. Alikufa kwa uzee, kitandani, na mazishi yake yalikuwa na watu wachache wenye haraka. Kaka alituma jeneza. Lilikuwa jeneza la gharama, na nililiona kama nilivyoziona zile nguzo.

Miaka michache iliyopita alikuja dukani kwangu mwanamke kijana na kitambaa, akitaka gauni. Sikumtambua mpaka aliponiita shangazi. Alikuwa yule mdogo wa ukutani. Nilimpima mabega, nikakuta ni mabega ya mama yangu, nikayapima mara ya pili. Alisema haishi hapa, amekuja kusalimia, ana mtoto sasa. Kisha akauliza, akitazama chini, kama ni kweli bibi aliweka kitu chini ya chumba chao.

Nikamweleza yote, kama nilivyoeleza hapa. Nilimkumbusha chungwa. Alilikumbuka, akatabasamu hata. Nilimweleza majani, baba mdogo, kitenge kizuri, na ukuta ulikolala. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema asante shangazi, akaniaga vizuri.

Gauni nililishona kwa uangalifu, nikaacha akiba pembeni, kwa kuwa atanenepa kama bibi yake. Hakuja kulichukua. Kabla hajasafiri nilimwona akipita, kavuka upande wa pili wa barabara ili asipite mbele ya duka, mzima, mwanawe mgongoni.